Gunia la Vitunguu na Breki ya Kamba

Uyole, Mbeya
9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Ilula, na magoti yako yanasemaje siku hizi? Sisi huku wazima, tatizo ni baridi tu. Mvua inashuka kila alasiri na Crispin anarudi toka gereji ana matope mpaka kwenye nyusi. Ninakutumia mchele kidogo wa nyumbani kwetu Usangu. Nimempa kondakta wa basi, atauacha pale kwa wauza nyanya kama kawaida.

Siku ya Noeli uliniuliza, "Huko kwenye mawe nani anamshika nani?" Wageni walikuwa wengi, nikacheka tu. Sasa najibu. Mmoja anapanda jabali, mwingine anabaki chini. Kamba inatoka kiunoni kwa mpandaji, inashuka mpaka kwenye kifaa kilichofungwa kwenye mkanda wa yule wa chini, na huyo ndiye breki. Mpandaji akiteleza, wa chini anaizuia kamba isikimbie. Mimi nina kilo hamsini na mbili. Mwanao Crispin, mume wangu, ana themanini na kitu, anakataa kupima. Kwa hiyo akidondoka yeye, mimi ndiye ninayenyanyuka kutoka ardhini kama kuku aliyekamatwa mbawa.

Zamani tulitumia kidude chenye matundu mawili. Kamba inapinda humo, na nguvu yote ya kuizuia ni ya mkono wako. Mwaka huu kikundi kimeamua tupate vifaa vinavyosaidia kubana. Mwenzetu Adrian, anayetufundisha kupanda, alituletea aina mbili tujaribu. Kimoja hakina kitu kinachocheza ndani, ni chepesi, umbo lake tu ndilo linaloibana kamba ikivutwa kwa nguvu. Kingine kina ulimi wa chuma ndani na mpini mdogo nje. Huo ulimi unafanya kazi kama mkanda wa kiti kwenye gari: ukiuvuta taratibu unakuja, ukiushtua unagoma. Tukachagua chenye ulimi, kwa sababu ya hizo kilo za mwanao, na kwa sababu unene wa kamba yetu uko ndani ya vipimo vilivyochongwa kwenye chuma chake. Crispin amekipenda sana. Anasema, "Hiki kinashika chenyewe."

Msalimie mzee Yotamu hapo jirani.

Ni mimi mwanao,
Mbuke

Ilula
23 Februari 2025

Kamwene mwanangu Mbuke,

Milele amina. Mchele umefika, mfuko umetoboka kidogo pembeni lakini wauza nyanya ni watu waaminifu, walishauziba kwa gazeti. Magoti yangu yanapanda na kushuka pamoja na mawingu. Vitunguu vimekubali mwaka huu, namshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Usinicheke. Nimefundisha sayansi darasa la sita na la saba mpaka serikali ikaniambia nipumzike, na mtu hapumziki kwa kuambiwa. Mkanda wa gari nimeuelewa vizuri sana. Juzi nilipanda gari la padre kwenda Iringa, nikawa nauvuta taratibu, halafu nashtua, taratibu, nashtua, mpaka padre akaniuliza kama nahisi vibaya.

Sasa nina maswali. Mwenye kifaa akiondoa mkono kwenye kamba, akapiga chafya au akajikuna, inakuwaje? Kamba inaweza kuingizwa kinyume, na ikiingizwa hivyo ulimi unabana au haubani? Ule mpini ni wa nini? Na kamba ikiisha urefu mpandaji akiwa bado juu?

Kuna sentensi moja imenikaa vibaya, hiyo ya mwanangu, kwamba kinashika chenyewe. Jembe halilimi lenyewe. Mwambie nimesema hivyo.

Mama yako,
Mwl. Evarista

Uyole, Mbeya
12 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na magoti yametulia. Sisi hatujambo. Jana nilishinda kwenye josho nachanja ndama, nanuka dawa mpaka leo. Afisa mifugo hakai karibu na watu kanisani.

Maswali yako nilimsomea Adrian. Akasema, "Huyu mama aje afundishe badala yangu." Nakujibu bila kufuata mpangilio wako.

Mpini ni wa kumshushia mtu. Ukiuvuta, ulimi unaachia na kamba inapita. Ukiuvuta wote, inapita yote. Adrian anasema mgeni akiogopa huwa anauvuta zaidi badala ya kuuachia, kwa hiyo kasi ya kushusha inapimwa na mkono ulioshika kamba, mpini unafungua njia tu. Kamba kuisha: tunapiga fundo kwenye ncha kabla mtu hajainua mguu, fundo haliwezi kupita kwenye kifaa. Kuingiza kinyume kunawezekana, ndiyo maana wamechonga kisanamu cha mtu upande wa kamba inayokwenda kwa mpandaji. Ikiwa kinyume haibani. Kwa hiyo kabla ya kupanda tunakaguana: mimi natazama kifaa chake, naishtua kamba kwa nguvu nione inagoma, naye anatazama fundo langu.

Na mkono. Mkono wa kulia, ule wa breki, hauondoki kwenye kamba hata kwa chafya. Hilo tumeambiwa mpaka tunaliota. Ulimi unasaidia, kazi ni ya mkono. Nilimwambia Crispin hilo neno lako la jembe. Akasema, "Mama na mke wangu sasa mmekuwa kamati."

Kuna habari nyingine. Lile jabali tunaloliita Mgongo wa Ng'ombe lina njia moja upande wa kushoto ambayo hakuna mtu wa kikundi ameimaliza. Crispin amejaribu karibu msimu mzima. Wiki iliyopita mimi nilifika pini ya mwisho kasoro moja, yaani vile vyuma vilivyopigiliwa kwenye jabali ili kamba ipitie. Adrian alipiga makofi. Crispin alisema nina bahati ya vidole vyembamba, na hakuongea njia nzima ya kurudi. Nadhani ni uchovu. Jumapili nitajaribu tena.

Mwanao,
Mbuke

Ilula
1 Aprili 2025

Kamwene mwanangu,

Hamjambo huko? Mimi sijambo. Majibu yako nimeyapa alama zote isipokuwa moja. Umeniambia mkono hauondoki kwenye kamba, lakini hukuniambia wa kushoto unafanya nini wakati huo. Nataka kujua mikono yote miwili ilipo.

Ile Jumapili ilikuwaje? Ulifika juu? Niandikie upesi, mimi siyo mtu wa kusubiri matokeo. Na huyo mwanaume akinyamaza njia nzima, muulize. Baba yake naye alikuwa na uchovu wa namna hiyo.

Mama yako,
Mwl. Evarista

Ilula
22 Aprili 2025

Mwanangu Mbuke,

Sijaona barua wala salamu, na simu yako haipatikani. Pasaka imepita bila sauti yako. Jana nimempigia Crispin. Ameniambia umeumia mguu, uko kwa baba yako Usangu, na kwamba kile kifaa kiliharibika, kiligoma kubana. Nilimuuliza kiligomaje. Akasema, "Mama, kiligoma tu," akasema kuna mteja anamsubiri.

Mimi sikuulizi kwa nini uko kwenu. Nauliza mguu unaendeleaje, unalala, unakula. Nimekutumia vitunguu na asali. Msalimie sana baba yako mzee Budeba, na mama.

Usipoweza kuandika, mwambie mtu aandike neno moja tu.

Mama yako,
Evarista

Usangu
6 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Asante kwa asali. Baba na mama wanakusalimu, wako wazima, ng'ombe wako wazima. Mimi nakula na nalala. Mguu umevunjika juu kidogo ya kifundo, umefungwa plasta, daktari amesema umekaa sawa. Nashinda barazani naangalia ndama wanaotolewa zizini, na watu wanaopita wananipa pole, halafu wanauliza nilikuwa natafuta nini juu ya mawe. Baba huwajibu, "Muulizeni atakaposhuka," basi wanakwenda zao.

Ilikuwa ile Jumapili. Nilipanda vizuri, mama. Nilifika pini ya mwisho, mkono wa kushoto umeingia kwenye ufa, nikavuta kamba ili niipitishe kwenye karabina, ile pete ya chuma yenye kimlango. Nikaita, "Kamba!" ili Crispin anilegezee. Akalegeza. Hapo hapo mguu ukateleza. Nilijua nitadondoka kidogo, kimo cha mtu na nusu, na kamba itanipokea kama ilivyonipokea mara nyingi. Haikunipokea. Nikaenda, nikaenda, nikamsikia Adrian anapiga kelele, halafu kamba ikanishtua mara moja nikiwa karibu na chini, ikaachia tena, nikafika kwenye mawe kwa mguu huu. Bila ule mshtuko mmoja pengine nisingekuandikia.

Crispin alinibeba mwenyewe mpaka barabarani. Kiganja chake kilikuwa kimeungua na kamba, nyama nyekundu. Hospitali alisema kifaa ni kibovu. Akaliambia kundi lote hivyo hivyo, kwamba vifaa vyote vya ulimi vitupwe. Nami nilitaka iwe hivyo. Nilikuwa nimelala pale namwomba Mungu kiwe kibovu. Lakini Adrian alikichukua, akaivuta kamba mbele yangu, kikabana. Crispin akasema, "Kinabana sasa." Walibishana juu ya kitanda changu.

Nilimwomba baba aje anichukue. Sikugombana na Crispin. Nimeondoka kwa sababu kila akinipa chai ninatazama mikono yake.

Kifaa nimekuja nacho, pamoja na kamba, karabina na mkanda wa Crispin. Nimeviweka humu kwenye kifurushi. Mama, wewe ni mzazi wake, najua ninachokuomba ni kigumu. Lakini wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kuuliza kitu bila kutaka jibu fulani. Niambie ni chuma au ni mtu. Likiwa chuma, tutanunua kingine. Likiwa la pili, bado sijui.

Mwanao,
Mbuke

Ilula
19 Mei 2025

Mwanangu Mbuke,

Kamwene. Nimefurahi kuona mwandiko wako kuliko nilivyofurahi kuiona pensheni. Wape salamu wazazi. Mwambie mzee Budeba jibu lake kwa wapita njia nimelipenda.

Nimepokea kifurushi. Siku ya kwanza sikukigusa, nilikiweka juu ya kabati. Wewe umesema naweza kuuliza bila kutaka jibu fulani. Mwanangu, nilitaka jibu fulani. Nililitaka usiku kucha. Asubuhi nikamwita Yotamu, tukaenda kwenye ghala langu la vitunguu.

Nilianza na unene wa kamba. Niliazima kipimo shule ya sekondari, nikaipima sehemu kadhaa, ya kati na za pembeni. Iko ndani ya vipimo vilivyochongwa kwenye kifaa, mlichagua sawa. Nikakifungua, nikatazama ulimi kwa miwani yangu yote miwili. Hauna ufa, hauna kutu, unacheza vizuri. Vumbi kidogo tu, nikalipangusa.

Kisha tukafunga karabina kwenye boriti, tukapitisha kamba, upande mmoja gunia la vitunguu, upande mwingine kifaa tumekifunga kwenye nguzo. Yotamu ndiye mshika kamba, ana glovu za kuchimbia. Nilimpandisha mpwa wake mkubwa, Didas, juu ya ngazi, akawa analiinua gunia na kuliachia.

Kamba ikiingizwa sawa, na mkono wa Yotamu uko kwenye kamba, gunia lilisimama kila tulipoliachia. Nikamwambia aondoe mkono. Gunia likasimama vile vile. Yotamu akasema, "Mwalimu, si unaona, kinashika chenyewe." Nikasema tuendelee. Nikamwambia Didas asiliachie ghafla, alishushe polepole huku ameliegemeza begani, kisha ajitoe taratibu. Hapo kamba ikatambaa, mwanangu. Ulimi haukushtuka, kwa hiyo haukuamka, na gunia likaja mpaka sakafuni kama mgeni aliyezoea nyumba. Ndipo nikaelewa kwa nini mnaambiwa mkono usiondoke. Kinabana mara nyingi, na mtu akishaona mara nyingi anasahau ile moja.

Tukaiingiza kinyume. Lilianguka moja kwa moja, mshono ukafumuka, tukaokota vitunguu mpaka chini ya mashine ya kukoboa.

Kwa hiyo chuma ni kizima. Naiandika sentensi hii kwa wino ule ule kama nyingine, lakini imechukua muda.

Sasa nina swali kwako, nawe ujibu kwa utulivu. Siku ile mlikaguana? Kamba iliingia upande wenye kisanamu? Jambo la pili: kiganja alichoungua ni cha mkono upi?

Mama yako,
Mwl. Evarista

Usangu
30 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Plasta itatolewa mwezi ujao. Huku jua limeanza kuwa kali na mpunga unavunwa.

Tulikaguana. Kisanamu kilikuwa upande wangu, na niliishtua kamba mwenyewe ikagoma. Hilo naliona mpaka leo.

Kiganja ni cha kushoto. Nimekumbuka vizuri kwa sababu alinisainia karatasi za hospitali kwa mkono wa kulia, bila bendeji.

Mkono wa kushoto kazi yake ni kuvuta kamba kumpelekea mpandaji. Uliniuliza zamani nikasahau kujibu. Mama, kama kilichoungua ni cha kushoto, basi kilichokuwa kinanizuia ni cha kushoto. Cha kulia kilikuwa wapi?

Mbuke

Ilula
16 Juni 2025

Mwanangu,

Kamwene. Salamu kwa wote hapo nyumbani. Kaa chini kabla ya kusoma, weka mguu juu ya kigoda.

Nilimwita Crispin. Sikumwambia sababu, nilisema ghala lina kazi. Alifika Ijumaa na basi la mchana, amekonda. Alipokiona kifaa kimefungwa kwenye nguzo alisimama mlangoni. Akasema, "Mama, hata wewe?"

Nikamwambia, "Mimi sina kesi na mtu. Nataka kujifunza. Vaa mkanda wako, unionyeshe mnavyofanya."

Akavaa. Tulipitisha kamba, akaikagua, kisanamu upande wa gunia, akaishtua ikagoma. Yote sawa. Didas akaanza kupanda ngazi na gunia begani, Crispin anampa kamba. Nilisimama pembeni kwake nikitazama mikono, ule wa kushoto unavuta, wa kulia umezunguka kamba. Vizuri kabisa. Ndipo nikamwambia Didas aite. Akaita, "Kamba!", akaivuta kwa haraka kama wewe ulivyoivuta.

Ulimi ukagoma, kwa sababu kamba ilishtuliwa. Crispin, bila hata kutazama, akapeleka kidole gumba cha kulia juu ya ulimi, pale unapochomoza nje ya kifaa, akaukandamiza ili kamba ipite. Vidole vingine vikafunguka kidogo, kamba inateleza ndani yake. Kidole hakikuondoka. Nilihesabu pumzi mbili. Nikampa Didas ishara kwa macho tu, akaliachia gunia.

Lilipoanguka Crispin alishtuka. Na mtu akishtuka, Mbuke, hufumba mkono. Kidole gumba kikakandamiza zaidi. Mkono wa kushoto ukaidaka kamba iliyo juu. Gunia likapiga sakafu.

Vitunguu vilikuwa bado vinabingirika. Crispin alikuwa anatazama kidole chake, bado kiko juu ya ulimi. Aliponitazama alikuwa kama alivyokuwa darasa la tatu. Akasema, "Nilikuwa nimekishika mimi."

Nikamwambia, "Ndiyo."

"Mama, nilijua nimeshika kamba. Ningeapa kanisani kwamba nimeshika kamba."

"Najua."

Akakaa juu ya gunia tupu. Baadaye akasema lingine ambalo sikumwuliza. Alisema siku ile, wakati unaita, alikuwa amekukasirikia kidogo kwa kufika pale juu. Hakutaka udondoke, Mungu apishe mbali. Lakini macho yalikuwa kwenye ile njia ya kushoto, anatafuta ulipopitia ambapo yeye hupashindwa. Hakuwa anakutazama wewe.

Nimezaa mtu mmoja tu, nawe unajua. Nilitamani sana chuma kiwe na kosa. Lakini kingekuwa na kosa kisingejua, na huyu sasa anajua.

Aliuliza aje Usangu kuomba msamaha. Nikamwambia msamaha ni wako, utautoa au utaukalia upendavyo. Yeye aende akaseme alichokiona, kwako na kwa baba yako, halafu kwa kikundi, maana kuna watu Uyole wametupa vifaa vizima kwa neno lake na wanashikana kwa vile vya matundu mawili kabla mikono haijazoea.

Sikushauri kitu. Wewe ndiye uliyekuwa juu.

Mama yako,
Evarista

Uyole, Mbeya
10 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Kama unavyoona juu hapo, nimerudi Uyole. Mguu umepona, unauma tu asubuhi za baridi, na huku kila asubuhi ni ya baridi. Habari za vitunguu vilivyopigwa sakafu? Natumaini vililiwa.

Crispin alikuja Usangu mwezi wa sita. Alisimama mbele ya baba, akaeleza kwa kirefu, akaonyesha kwa mikono. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Kwa hiyo kile kidole ulikuwa hukijui?" Crispin akasema hakukijua. Baba akasema, "Basi kitazame sana," akaenda kunywesha ng'ombe. Crispin hakuniomba nirudi. Aliniachia namba ya basi atakalopanda kurudi, akaondoka. Nilibaki wiki kadhaa nyingine. Nilirudi siku nilipoona nakasirika bila kuogopa.

Kikundi alikwishawaambia kabla sijafika. Adrian amemweka chini tena kama mwanafunzi mpya. Anafanya mazoezi ya kulegeza kamba bila kugusa ulimi, kwa hatua: anasogea mbele kumpa mtu nafasi, anavuta kwa urefu wa mkono, kidole kikigusa kinagusa na kuondoka, na mkono wa kulia umefumbwa muda wote. Jioni baada ya gereji anajizoeza jikoni, kamba imefungwa kwenye mguu wa meza. Nakaanga mboga huku nasikia chuma kinalia tiki, tiki.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Mgongo wa Ng'ombe. Nilimwambia apande yeye, nishike mimi. Alipofika pini ya nne nikamwambia, "Achia." Tumeoana miaka sita, mama, na nimemshika mwanao mara zisizo na idadi. Alitazama chini, akauliza, "Umenishika?" Sikumbuki kama aliwahi kuniuliza hilo.

Nikasema, "Nimekushika."

Hakuachia. Akauliza tena. Nikamjibu tena. Alikaa pale mpaka miguu ikaanza kumcheza, halafu akafumba macho, akaachia. Kamba ikagoma, mimi nikanyanyuliwa juu, yeye akashuka, tukakutana katikati ya jabali tunaning'inia uso kwa uso. Alikuwa na machozi. Tulipofika chini akaniuliza kama nataka kupanda. Nikamwambia leo hapana. Akafungua fundo, akakunja kamba, hakuniuliza kwa nini.

Jumamosi ijayo nitapanda. Atakayeshika kamba ni Crispin. Ukipenda njoo utazame, chumba cha wageni kina blanketi mbili.

Mwanao,
Mbuke

Uyole, Mbeya
19 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na kwamba basi halikukutesa magoti. Umesahau mtandio wako mweusi, nitampa kondakta. Ulipoondoka ulikuwa na haraka ya gari, hatukuongea. Naandika ili nikuambie nilichokiona, kwa sababu nilikiona mimi peke yangu.

Sikuimaliza ile njia. Wewe ulinionea huruma, lakini sikuwa nimekwenda kuimaliza. Nilipofika pini ya tatu niliita, "Crispin, umenishika?" Akajibu sauti ya chini sana, "Nimekushika." Nilikuwa na nia ya kuachia bila kutazama, kama yeye alivyofumba macho. Nikashindwa. Nikatazama.

Nilimwona Crispin amekodoa macho kwangu, hatazami jabali wala njia. Mkono wa kulia umefumba kamba karibu na nyonga. Kidole gumba nilikiona kutoka kule juu, kiko pembeni, kimekunjwa pamoja na wenzake.

Na nyuma yake ulikuwa umesimama wewe. Ulisema umekuja kutazama tu. Miguu umeitanua kwenye majani, umeegemea nyuma, na mikono yako yote miwili imefumba kwa nguvu, wa kushoto juu, wa kulia chini nyongani. Hukuwa na kamba yoyote, mama. Ulikuwa umeshika hewa.

Basi nikaachia.

Mwanao,
Mbuke